Chumba cha Piano: Uhakiki wa Makao ya Wasanii wa Jukwaani

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Hell's Kitchen ulifunguliwa Broadway, mjini New York, baada ya kuonyeshwa mwaka uliotangulia katika nyumba ya michezo ya Public Theater. Nyimbo zake ni za Alicia Keys, mazungumzo yake yaliandikwa na Kristoffer Diaz, na habari yake yatokana na ujana wa mwimbaji huyo mwenyewe. Msichana wa miaka kumi na saba, jina lake Ali, akaa na mama yake katika jengo refu. Ateta na mama yake kwa sababu ya kijana apigaye ndoo barabarani mfano wa ngoma. Kisha asikia piano ikilia katika chumba cha watu wote wa jengo, na bibi aipigaye, Miss Liza Jane, amfunza kuipiga. Mengi yamesemwa juu ya waimbaji wa mchezo huo, na wawili wao, Maleah Joi Moon na Kecia Lewis, walipewa tuzo ya Tony kwa kazi yao. Lakini yumo mhusika mmoja asiyeimba wala kusema, naye ndiye aliyewakutanisha wengine wote. Mhusika huyo ni jengo lenyewe, na lastahili kuhakikiwa kama shairi au hadithi ihakikiwavyo: lilikusudia nini, lilifanikiwa wapi, na wapi lilipungukiwa.

Jengo hilo halikubuniwa na mtunzi. Laitwa Manhattan Plaza, nalo limesimama baina ya Barabara ya 42 na ya 43, kati ya Njia ya Tisa na ya Kumi, upande wa magharibi wa mji. Ni minara miwili ya matofali mekundu, kila mmoja wa orofa zaidi ya arobaini, yenye nyumba zipatazo 1,700. Alicia Keys alilelewa humo kweli. Wasomaji wengi wangedhani kwamba mji mkubwa kama ule, wenye majumba ya michezo mengi kuliko miji mingi ya dunia, uliketi ukafikiri, ukaona wachezaji wake hawana pa kulala, ukawajengea. Haikuwa hivyo. Minara ilikusudiwa watu wa kipato cha kati, wenye mishahara ya kila mwezi. Ujenzi ukiwa unaendelea, mji ulipatwa na shida kubwa ya fedha mwaka 1975. Na mtaa wenyewe, Hell's Kitchen, ulikuwa umechakaa na kujaa biashara za aibu, hata ikaogopwa kwamba watu wenye uwezo wa kulipa kodi iliyotazamiwa hawangekubali kuhamia huko. Ndipo likatoka wazo la kuwapa makao hayo watu wa jukwaani, ambao kazi yao ilikuwa hatua chache upande wa mashariki, na ambao hawakuuogopa mtaa kwa sababu walikuwa wakiupitia kila usiku. Serikali kuu ya Marekani ikakubali kutoa ruzuku ya kodi, na mwaka 1977 milango ikafunguliwa. Ilipatanwa ya kwamba sehemu 70 katika mia ziwe za watu wa jukwaani, sehemu 15 za wenyeji wa mtaa, na sehemu 15 za wazee na walemavu.

Basi jambo la kwanza la kuonya ni kwamba mchoraji wa ramani hakuwajua watu atakaowastiri. Alichora vyumba vya karani na mwalimu, wakaingia mcheza dansi na mpiga tarumbeta. Hata hivyo jengo lilifaulu, na lafaa kuulizwa ni kwa nini lilifaulu.

Sababu haikuwa katika ukuta, bali katika hesabu ya kodi. Chini ya ruzuku ile mpangaji halipi kiasi kilichofungwa. Hulipa fungu la kipato chake, ambalo mwanzo lilikuwa robo na tangu sheria ya mwaka 1981 limekuwa sehemu 30 katika mia. Kinachobaki hulipwa na serikali. Tuseme mwigizaji amepata mchezo unaomlipa dola 3,000 kwa mwezi: kodi yake itakuwa kama dola 900. Mchezo ukifungwa, naye akarudi kuhudumu mezani kwa dola 800, kodi yake yateremka hata kama dola 240. Naye anayefanikiwa hapigwi teke atoke. Hulipa zaidi, mpaka afikie kodi kamili. Watu wa jukwaani hawakuhesabiwa kuwa waigizaji na waimbaji tu. Mshona mavazi, mwasha taa na mvuta pazia pia walikuwamo, jambo ambalo huonyesha kwamba waliopanga utaratibu huo walijua mchezo hufanywa na nani.

Kanuni hii ni ndogo kuitaja, lakini yaingia ndani ya maisha ya msanii kuliko ukumbi wa marumaru. Umaskini wa mchezaji wa jukwaani hauko katika uchache wa fedha peke yake. Uko katika kutojua. Mwezi huu anazo, mwezi ujao hana, na mwenye nyumba hajui habari za pazia kufungwa. Msomaji wa Dar es Salaam atalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa huko desturi ya wenye nyumba wengi ni kutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kutoa ufunguo. Mwajiriwa aweza kukopa kwa dhamana ya mshahara wake. Mwimbaji wa bendi, ambaye fungu lake hutegemea mlango wa Jumamosi, atakopa kwa dhamana ya nini? Kwake yeye shida si kwamba kodi ni kubwa kupita kiasi. Akiigawanya kwa siku huenda ingelipika. Shida ni kwamba yatakwa kwa mkupuo na mtu ambaye riziki yake huja kwa matone.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tukiingia ndani ya Manhattan Plaza twaona upungufu wake. Vyumba ni vya kuishi, havikufanywa kwa kazi. Mcheza dansi ahitaji dari ya juu ya kutosha mwenzake ainuliwe, nafasi isiyokatwa na nguzo, na sakafu ya mbao yenye kunesa chini ya mguu, maana saruji huua magoti na vifundo vya miguu kabla ya umri. Mwimbaji ahitaji ukuta mzito. Mpiga piano ahitaji piano, nayo haiingii kirahisi katika lifti wala haikai vizuri kando ya kitanda. Hakuna hata kimoja cha hivi apewacho mpangaji wa chumba kimoja katika orofa ya thelathini.

Mchezo wa Keys na Diaz walipita jambo hili kwa ujanja wa kupendeza. Ali ateremka kwa lifti, na orofa zina sauti zake: huku tarumbeta, huku opera, kana kwamba jengo zima ni ala moja kubwa. Ni picha nzuri, lakini ni picha ya masikio ya kijana wa miaka kumi na saba. Mtu mzima anayerudi kazini saa saba za usiku na kutaka kulala hata saa nne za asubuhi husikia jambo jingine. Yamkini kilichookoa amani ni kwamba karibu wote walikuwa wa kazi moja. Mpiga tarumbeta hawezi kwenda kumshitaki mwimbaji aliye juu yake bila kujishitaki mwenyewe. Wasanii wanapokaa mmojammoja, kila mmoja katika mtaa wa watu wasiojua kazi yake, uvumilivu huo hawaupati. Na hii ni faida ya kuwakusanya pamoja ambayo haionekani katika ramani yo yote.

Faida ya pili ni chumba chenyewe ambamo Miss Liza Jane hupiga piano. Chaitwa Ellington Room, kwa jina la Duke Ellington, nacho ni chumba cha wote, si cha mpangaji mmoja. Hapo mchezo waonyesha ukweli ambao wajenzi wengi husahau: chombo kikubwa na cha gharama, ambacho maskini mmoja hawezi kukinunua wala kukiweka, kikiwekwa mahali pamoja huwa cha elfu. Tena kikiwa mahali panapopitwa na watu, mtoto asiyejua kwamba anakitaka atakisikia. Kama piano ile ingalikuwa nyuma ya mlango wa nyumba moja, Ali asingaliisikia, na hadithi isingalikuwapo.

Hata hivyo chumba kimoja hakitoshi minara miwili. Kazi halisi ilipata nafasi ng'ambo ya barabara. Katika miaka ya 1970 majengo mabovu ya upande wa pili wa Barabara ya 42, mengine yakiwa yametumika kwa biashara za aibu zilizokwisha tajwa, yaligeuzwa kumbi ndogo za michezo, zikaitwa Theatre Row. Kwa hiyo mchezaji alilala upande huu na kufanya kazi upande ule. Sifa ya Manhattan Plaza kwa kweli ni sifa ya barabara nzima, na mtu atakayeiga minara bila kuiga kumbi atakuwa amenunua kiatu cha mguu mmoja.

Liko jengo jingine katika mji huohuo lililofanya kinyume, nalo ni Westbeth, karibu na mto Hudson. Lilikuwa la maabara za simu za Bell, zilizohama mwaka 1966. Humo, kabla ya vita vya pili vya dunia, ilitengenezwa mitambo iliyoipa sinema sauti. Richard Meier, ambaye wakati huo alikuwa mbunifu kijana, alipewa kazi ya kuligeuza makao ya wasanii kwa fedha za mfuko wa Kaplan na za baraza la taifa la sanaa, likafunguliwa mwaka 1970 likiwa na nyumba zipatazo 380. Yeye alijua ni nani watakaoingia. Aliacha dari juu kama zilivyokuwa za kiwanda, akaacha nyumba nyingi bila kuta za ndani ili kila mtu ajigawie mwenyewe, na aliondoa paa lililofunika uwanja wa ndani, ukawa ua ulio wazi kwa jua. Orofa ya juu kabisa ilikuwa na ukumbi wa Merce Cunningham na wachezaji wake tangu 1971 hata 2012, kisha ukachukuliwa na kundi la Martha Graham. Wachezaji wa dansi wa dunia nzima walipanda huko kujifunza.

Kwa mtazamo wa ufundi Westbeth yashinda. Lakini yenyewe ilikwama mahali pengine. Ilitazamiwa kwamba msanii angekaa miaka michache, apate jina, kisha ampishe mwingine. Hawakuondoka. Mji nje ya lango ulizidi kuwa ghali mwaka hata mwaka, na aliyeingia kijana alizeeka humo; orodha ya wanaongojea ikawa ndefu hata ikafungwa kwa miaka. Wako wawalaumuo wazee hao kwa kukalia zamu ya vijana. Lawama hiyo si ya haki. Mtu hulaumiwa kwa kukataa kushuka ngazi ikiwa ngazi ipo. Kilichokosekana ni nyumba ya pili ya kuhamia, na hilo halikuwa kosa la mpangaji wala la Meier. Walakini lafundisha kwamba jengo moja zuri katika mji usio na mengine hugeuka ngome. Jambo la mwisho juu ya Westbeth ni dogo lakini chungu: mwezi wa Oktoba 2012 tufani Sandy ilijaza maji ghala za chini, na mavazi na mapambo ya jukwaani ya kundi la Graham, yaliyokuwa yamewekwa huko, yakaloa na mengi yakaharibika. Wabunifu hukumbuka pa kuchezea na pa kulala, na kumbe kazi ya jukwaani ina mizigo. Pa kuweka mizigo huachiwa chumba cha chini kabisa.

Pwani ya Afrika Mashariki haikukosa kulifikiri jambo hili, ila ilianzia upande mwingine. Vyama vya taarabu vya Unguja, tangu Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vilijipatia kwanza nyumba ya chama: mahali pa kuweka udi, fidla na ganuni, na pa kufanya mazoezi jioni. Hakuna aliyetazamia kulala hapo. Mwanachama alikuwa na kazi yake mchana na nyumba yake mtaani, na muziki ulikuwa wa baada ya kazi. Tanzania bara, baada ya uhuru, njia ilikuwa ya tatu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye zikaja Vijana Jazz chini ya vijana wa TANU, UDA Jazz chini ya shirika la mabasi, Bima Lee chini ya shirika la bima, na Mlimani Park iliyochukuliwa na DDC mwaka 1983. Vyombo vilikuwa vya shirika, na mpiga gitaa alipata mshahara kama karani. Huo mshahara ulifanya kazi ileile ya hesabu ya Manhattan Plaza: uliondoa kutojua. Lakini ulikuwa na mtego wake, maana mwanamuziki aliyegombana na kiongozi wake aliondoka mikono mitupu, akiacha gitaa nyuma. Na mashirika yalipobanwa na mageuzi ya uchumi katika miaka ya 1980 na 1990, bendi nyingi zilipoteza mlezi, mazoezi na mshahara kwa pamoja.

Hivyo New York ilitoa nyumba ikasahau pa kazi, Unguja ilitoa pa kazi bila nyumba, na Dar es Salaam ilitoa mshahara bila kimoja wala kingine. Nairobi nayo, mwaka 2003, ilipata GoDown katika ghala la eneo la viwanda, pa kuchezea na kurekodia, bila vitanda.

Si kweli, hata hivyo, kwamba wanamuziki wa Dar es Salaam hawakuwa na msaada wa majengo. Walikuwa nao, ila haukuandikwa katika mpango wo wote. Ni nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na Magomeni: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba, baraza mbele, na ua nyuma wenye jiko na kisima au bomba. Mtu alikodi chumba kimoja, si nyumba nzima, na hivyo alilipa kidogo. Ua ulikuwa pa kufulia asubuhi na pa kuimbia alasiri. Harusi ilipokuja, turubai lilifungwa barabarani na barabara ikawa ukumbi. Majirani hawakuulizana kelele, kwa sababu kelele ya leo ya fulani ilikuwa ya kesho ya fulani. Mchoraji wa ramani aliyesoma atatazama nyumba hiyo na kuona msongamano. Mpiga ngoma ataona chumba cha bei nafuu kilichounganishwa na mahali pa kazi pasipolipiwa, jambo ambalo New York ililikosa na Westbeth ililipata kwa kubomoa paa.

Nyumba hizo zimekuwa zikiondoka Kariakoo tangu miaka ya 1990, na mahali pake yamesimama maghorofa yenye maduka chini na fleti juu. Hakuna sababu ya kulilia kila tofali. Choo cha ndani ni jambo jema, na wanaosifu maisha ya ua aghalabu hawakupanga foleni ya choo alfajiri. Lakini ghorofa limechukua kiwanja chote hata mpakani, na ua haukupandishwa juu pamoja na vyumba. Paa tambarare, ambalo lingaliweza kuwa ua wa hewani, limeachiwa matangi ya maji.

Hapa hutokea swali gumu, lililoulizwa pia Hell's Kitchen mwaka 1977: kwa nini mwimbaji apewe nafuu ya nyumba, na kuli wa bandarini asipewe? Wenyeji wa mtaa ule hawakufurahi wote kuona minara iliyosimama juu ya vichwa vyao ikigawiwa wachezaji, na yale mafungu 15 yao yalionekana madogo. Wateteaji wa wasanii hujibu kwa kusema kwamba sanaa ni roho ya taifa, kwamba watalii huletwa na michezo, na mengine ya namna hiyo. Jibu hilo ni dhaifu, maana lamfanya msanii kuwa mtu bora kuliko jirani yake, na jirani ana haki ya kukasirika. Jibu lenye nguvu ni lile la hesabu: msanii apimiwe kodi kwa kipato kwa sababu kipato chake hupanda na kushuka. Na mtu akikubali jibu hilo, hawezi kuishia hapo. Mvuvi wa Kojani hujua pepo kuliko hujua mwezi. Machinga wa Kariakoo hajui kesho atauza nini. Nao kuli ni vivyo hivyo. Manhattan Plaza, ikisomwa vizuri, haidai upendeleo kwa wasanii. Yaonyesha namna ya kumpangisha mtu ye yote asiye na mshahara, na wasanii walijaribiwa kwa wingi katika jengo moja.

Ugumu ni kwamba pengo la kodi lazima lizibwe na mtu. Huko lilizibwa na hazina ya serikali kuu, kwa mikataba yenye muda wake. Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1962, halina hazina ya namna hiyo nyuma yake, na si haki kulidai lifanye ya Marekani. Lakini kupokea kodi kwa mwezi badala ya mwaka hakuhitaji hazina kubwa. Wala kutenga chumba kimoja chenye kuta nene na sakafu ya mbao katika kila jengo jipya, kikakodishwa kwa saa kwa kila ajaye, si gharama ya kumfilisi mjenzi.

Kuna sura moja katika historia ya Manhattan Plaza isiyotajwa na wanaozungumza juu ya ramani na kodi. Katika miaka ya 1980 UKIMWI uliwaua watu wa jukwaani wengi kupita kiasi, na jengo lililokuwa limewakusanya pamoja likawa jengo la misiba. Chini ya kasisi Rodney Kirk, aliyekuwa msimamizi wake, wapangaji walianzisha utaratibu wa kuwahudumia wagonjwa milangoni mwao: chakula, dawa, mtu wa kukaa naye usiku. Wakati huo wagonjwa wengi wa mji ule walikuwa wakifukuzwa na wenye nyumba. Wale walikuwa na kodi iliyoteremka pamoja na kipato chao walipoacha kufanya kazi, na majirani waliojua majina yao ya jukwaani na ya nyumbani.

Mchezo wa Hell's Kitchen, uliowekwa katika miaka ya 1990, wampa Miss Liza Jane kifo, nacho ni sehemu nzito kuliko zote. Mama wa Ali, ambaye zamani alikuwa mwigizaji, afanya kazi mbili, na watazamaji huambiwa hivyo kwa haraka ili wimbo uendelee. Hapo ndipo mtunzi angaliweza kutulia kidogo zaidi. Mwanamke aliyeacha jukwaa, aliye na mtoto, akakaa karibu na Broadway katika chumba ambacho mji wenyewe usingalimwezesha kukilipia, ana hadithi yake. Na ufunguo wa mlango wake ulifanywa na karani wa ruzuku. Nyumba ya michezo ya Shubert, ulipoonyeshwa mchezo huo, iko Barabara ya 44, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka minara yenyewe.